Kalkulasi kambini Dzaleka: hesabu ni ile ile, alama na maneno ndiyo yanayobadilika

Mwanafunzi aliyeanza sekondari Uvira au Bujumbura, kisha akaja kuimalizia katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, huandika tatu na nusu hivi: 3,5. Mwalimu wake mpya huandika 3.5. Kwa mwalimu huyo, mkato uliowekwa kati ya tarakimu hutenga maelfu, kama katika 3,500. Kwa mwanafunzi, mkato huo huo hutenga namba nzima na sehemu yake. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anafuata mazoea ya shule iliyomlea, mmoja ya Kifaransa na mwingine ya Kiingereza.

Tofauti hiyo ni ndogo, na huzoeleka baada ya muda. Lakini tofauti za aina hiyo huongezeka kadiri mwanafunzi anavyoikaribia kalkulasi, tawi la hisabati linalochunguza mambo yanayobadilika. Katika vyuo vikuu vingi duniani, tawi hilo ndilo mlango wa kuingilia uhandisi, fizikia, uchumi na sayansi ya kompyuta. Kwa vijana wa Dzaleka, tatizo si ugumu wa somo peke yake. Ni suala la darasa ambalo mtu amefikia, lugha aliyofikia nalo, na nani atakayekubali kwamba kweli amefika hapo.

Kambi hiyo iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha sokoni na kwenye nyumba za ibada. Darasani, lugha ya sekondari ni Kiingereza.

Kalkulasi inauliza nini?

Somo hili lina sifa ya kutisha ambayo, kwa kweli, halistahili. Maswali yake ya msingi ni mawili tu, na yote mawili yanaweza kuulizwa kando ya barabara, mahali ambapo kabaza, yaani pikipiki ya abiria kama wanavyoiita Wamalawi, inasubiri kuondoka.

Tuseme pikipiki hiyo inaondoka, na mwendo wake unaongezeka kwa utaratibu huu: baada ya sekunde 1 imekwenda mita 1, baada ya sekunde 2 mita 4, baada ya sekunde 3 mita 9, baada ya sekunde 4 mita 16. Umbali ni muda uliozidishwa kwa wenyewe. Swali la kwanza: sekunde ya tatu ilipotimia, pikipiki ilikuwa na kasi gani?

Kasi ni umbali kugawanya kwa muda. Hilo hufundishwa mapema. Lakini katika nukta moja ya wakati hakuna umbali uliokwendwa wala muda uliopita, na sifuri haiwezi kugawanywa kwa sifuri. Kalkulasi huzunguka kikwazo hiki kwa subira. Kati ya sekunde ya 3 na ya 4, pikipiki ilikwenda mita 7, yaani wastani wa mita 7 kwa sekunde. Kipindi hicho ni kirefu mno, basi kifupishwe. Kati ya sekunde 3 na 3.1, umbali uliongezeka kutoka mita 9 hadi 9.61, wastani ni mita 6.1 kwa sekunde. Kati ya 3 na 3.01, wastani ni 6.01. Kila kipindi kinapofupishwa, jibu linaisogelea 6 bila kuivuka. Hiyo 6 inaitwa kikomo, na ndiyo kasi inayotafutwa. Mwanafunzi akirudia zoezi hili kwa sekunde nyingine ataona kwamba kasi daima ni mara mbili ya muda.

Swali la pili ni la kwanza likigeuzwa. Ikiwa inajulikana tu kwamba kasi ni mara mbili ya muda, je, umbali unaweza kupatikana? Chora grafu, muda ukiwa chini na kasi ikipanda upande wa kushoto. Mstari utapanda kutoka sifuri hadi kufikia 6 kwenye sekunde ya 3. Chini yake kuna pembetatu yenye kitako cha 3 na kimo cha 6. Eneo lake ni nusu ya 3 mara 6, yaani 9. Zile mita 9 zimerudi.

Maswali haya mawili, la kasi na la eneo, yalishughulikiwa kwa karne nyingi kana kwamba hayana udugu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra, alikokotoa ujazo wa maumbo yaliyopinda kwa kujumlisha vipande vyembamba, karne sita kabla ya Newton na Leibniz kuonyesha katika karne ya 17 kwamba jibu la swali moja ni ufunguo wa lingine.

Nchi jirani, ngazi tofauti

Hapa ndipo ramani ya shule inapoingia. Nchini Kongo, mwanafunzi wa humanités za sayansi hukutana na swali la kwanza na la pili katika miaka ya mwisho kabla ya mtihani wa taifa, ule unaoitwa Examen d'État. Nchini Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, mambo hayo yamo katika hisabati ya Kidato cha Nne inayofanywa na watahiniwa wengi wa KCSE. Tanzania huyaweka Kidato cha Tano na cha Sita. Hata mwanafunzi wa sayansi asiyechukua hisabati ya juu huyapata katika somo la hisabati tumizi.

Malawi ina miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, kisha chuo kikuu. Hakuna Kidato cha Tano wala cha Sita katika mfumo wa serikali. Mtihani wa mwisho ni MSCE, unaosimamiwa na baraza la mitihani la MANEB lenye makao Zomba, na wakimbizi huufanya sawa na Wamalawi. Kalkulasi haimo katika hisabati ya lazima. Hatua zake za mwanzo zimo katika somo la hiari, hisabati ya ziada, na somo la hiari huhitaji shule yenye mwalimu wa kulifundisha. Hilo si jepesi kwa shule za kutwa za jamii, ziwe kambini au vijijini.

Hivyo kijana aliyefika miaka ya mwisho ya humanités huko Kivu anaweza kujikuta ameketi tena Kidato cha Pili kwa sababu ya Kiingereza, akirudia milinganyo aliyoimaliza miaka miwili iliyopita. Mwenzake aliyezaliwa kambini anaweza kumaliza MSCE kwa alama nzuri sana bila kuwahi kulisikia neno lenyewe.

Walakini, hisabati ya lazima inafundisha grafu za safari: gari linaongeza mwendo, linakwenda kwa kasi ile ile, linapunguza, linasimama, mtahiniwa aeleze mteremko wa mstari na apate umbali kutokana na eneo lililo chini yake. Aliyesoma mfano wa kabaza hapo juu ataona kwamba hiyo ni kalkulasi kamili, ila imevaa nguo za nyumbani. Mwalimu akiitaja hivyo kwa jina lake, angalau mara moja, mwanafunzi atakapokutana nayo chuoni hatadhani ameingia nchi ya kigeni.

Maneno na alama

Anayesaidiwa na kaka au jirani aliyesoma kwa Kifaransa atakutana na alama nyingine. Tanjenti ya pembe huandikwa tg mahali ambapo vitabu vya Malawi huandika tan. Namba zote kati ya 2 na 5, bila zenyewe, huandikwa kwa mabano yaliyogeuziwa nje, ]2, 5[, jambo ambalo kwa macho ya mwalimu wa Kimalawi linaweza kuonekana kama kosa la uchapaji. Mlinganyo wa kipeo cha pili huanza kwa kutafuta delta, herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu, kabla ya jambo lolote. Mwanafunzi wa mfumo wa Kiingereza huweka namba zote ndani ya fomula kwa pamoja. Majibu hulingana. Lakini msahihishaji anatoa alama kwa hatua, na hatua asizozitambua zinaweza kumgharimu mtahiniwa.

Kwenye kalkulasi yenyewe, shule za Kifaransa hupendelea kijistari cha juu, f′(x), na kuiita derive. Vitabu vya Kiingereza mara nyingi huanza na dy/dx, alama iliyobuniwa na Leibniz. Kile ambacho Mkongomani anakiita primitivu, Mmalawi atakiita integrali. Alama ya integrali, ile S iliyorefushwa, ni moja kwa wote: ni herufi ya kwanza ya neno la Kilatini lenye maana ya jumla.

Na Kiswahili? Kongo na Burundi hufundisha somo hili kwa Kifaransa, Kenya na Malawi kwa Kiingereza, na hata Tanzania, inayofundisha shule za msingi kwa Kiswahili, hubadili lugha mtoto anapoingia sekondari. Ndiyo maana istilahi kama kikomo na mteremko zimo kwenye kamusi lakini hazisikiki madarasani. Hata hivyo, mkubwa anayemweleza mdogo wake usiku kwa taa ya simu, mmoja akiwa na Kifaransa na mwingine Kiingereza, lugha wanayokutania ni Kiswahili. Kazi hiyo haimo katika mtaala wa nchi yoyote.

Kati ya Capital Hill na Kanada

Maamuzi kuhusu mtaala na kuhusu wakimbizi hutoka mahali pamoja: Capital Hill, eneo la ofisi za wizara jijini Lilongwe, mji uliochukua nafasi ya Zomba kuwa makao makuu mwaka 1975. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ikaweka masharti juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, elimu na uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Kwa mzazi aliyetaka mtoto afuate masomo ya ziada mjini, zile kilomita 40 na kidogo zikawa ndefu zaidi.

Elimu ya juu imeingia kambini kwa njia nyingine. Tangu mwaka 2010, taasisi za Wajesuti zimetoa masomo ya chuo kwa njia ya mtandao. Na kuna njia ya Kanada: shirika la WUSC, ambalo mpango wake wa wanafunzi wakimbizi ulianza mwaka 1978, huwapeleka vijana kutoka kambi kadhaa, Dzaleka ikiwemo, hadi vyuo vikuu vya nchi hiyo, wakidhaminiwa na wanafunzi wenzao. Nafasi ni chache na matokeo ya sekondari hupimwa kwa makini.

Anayefaulu hukuta jambo ambalo alama za MSCE hazikumwonya. Katika jimbo la Ontario, kwa mfano, waombaji wa uhandisi wanatarajiwa kuwa wamesoma kalkulasi katika darasa la 12, na somo la mwaka wa kwanza chuoni huendelea kutoka hapo. Wenzake wanalisoma kwa mara ya pili. Yeye ni mara ya kwanza, kwa lugha ya tatu au ya nne.

Familia zinazohamishiwa nchi nyingine hukabiliwa na jambo hilo mapema zaidi, mtoto akiwa bado sekondari. Australia ni mfano mzuri: wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho huchagua kati ya masomo kadhaa ya hisabati. Lile linaloitwa General Mathematics halina kalkulasi. Mathematical Methods linayo. Marekani, shule nyingi huiweka katika darasa la AP Calculus, ambalo huhitaji masomo mengine kabla yake. Mgeni hupangiwa darasa mara nyingi kwa kupimwa Kiingereza chake. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto amewekwa katika hisabati ipi, na kuomba apewe jaribio la namba lisilotegemea insha. Madaftari ya zamani yapelekwe pia, hata kama yameandikwa kwa Kifaransa na mabano yake yameelekea nje.