Wahaka wa Mzee na Kalamu ya Muuguzi

Huko Mwandoya, katika wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, aghalabu mtu huzeekea na kuuguzwa nyumbani kwa wanawe, na wasio na jamaa ndio wapelekwao katika makao ya wazee, kama Kolandoto huko Shinyanga au Bukumbi wilayani Misungwi; lakini iwe nyumbani, iwe makaoni, usiku uingiapo na ajuza akashikwa na wahaka, akawa anatetemeka na kukataa kulala, mkono wa mlezi hukimbilia kidonge cha kutuliza.

Dawa hiyo si haramu. Lakini diazepamu, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza, ambayo kwa kijana wa miaka 20 nusu yake hutoka mwilini kwa muda wa siku moja hivi, kwa mzee wa miaka 80 huweza kukawia siku 3 na zaidi, hata kidonge cha Jumatatu kikakutana na cha Jumanne na cha Jumatano, naye ainukapo gizani kwenda haja akapepesuka, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Marekani, sheria ya 1987 iliharamisha kumlevya mzee wa makaoni kwa dawa ili watumishi wapate raha, na tangu Novemba 2017 amri ya kumpa dawa ya namna hii kila inapohitajika hukoma baada ya siku 14, ila tabibu aandike sababu ya kuiendeleza. Muuguzi naye hutakiwa kuandika alichojaribu kwanza: maji, choo, maumivu, taa, mazungumzo.

Kwetu Usukumani jambo hili lina uzito wa peke yake. Vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na dalili iliyotajwa ni macho mekundu, ambayo mara nyingi yametokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kinachowashwa mekoni penye uhaba wa kuni. Basi ajuza aliyeona jirani yake akifikwa na hayo, asikiapo vishindo nje ya nyumba, ana haki ya kuogopa, na kumnywesha dawa bila ya kumuuliza ni kumnyamazisha shahidi. Lau mlezi angeandika kwamba alifunga mlango huku ajuza akiona, akaketi naye na kusema naye Kisukuma, na hofu ikapungua, karatasi hiyo ingemwongoza wa zamu ya pili.

Majumbani, daftari la shule latosha: mjukuu ajuaye kuandika alijaze, lipelekwe kliniki pamoja na mzee, na tabibu alisome kabla ya kuandika dawa nyingine.