Bunduki ngapi zamtosha mwindaji?

Wanaume wakikutana jioni barazani, na mmoja wao akiwa ametoka porini, maongezi hayakawii kufika kwenye bunduki. Mmoja ataisifu ile ya kaliba 12 aliyorithi kwa baba yake. Wa pili atasema kwamba hiyo ni ya kupigia kanga tu, na kwamba mwindaji wa kweli hubeba .375. Kijana aliyetoka shuleni atataja majina mengine kumi aliyoyaona katika picha. Ubishi huo hauna mwisho, kwa kuwa kila mmoja anamfikiria mnyama wake: huyu ana kanga machoni, yule ana mbogo.

Lakini swali lenyewe si la mchezo. Bunduki ni ghali, risasi zake ni ghali, na kila moja yahitaji kibali chake. Tena mnyama aliyepigwa kwa bunduki isiyomfaa hafi pale pale. Huenda zake na jeraha, akajificha katika majani, na kesho yake huweza kukutwa na mama aendaye kuchota maji. Basi na tupime sisi: mtu anayewinda kwa haki, akiwa na kibali mkononi, katika nchi yenye wanyama wa kila namna kuanzia kanga hadi mbogo, ahitaji bunduki ngapi, na zipi?

Fumbo la majina

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Waingereza na Wamarekani huupima kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Hivyo bunduki iitwayo .375 hutupa risasi yenye upana wa milimita 9.5. Wajerumani hupima kwa milimita, kisha huongeza urefu wa ganda la shaba: 9.3x62 ni risasi ya milimita 9.3 katika ganda la milimita 62. Wamarekani nao walichanganya mambo bila haya, kwani .30-06 maana yake ni kaliba .30 iliyotolewa mwaka 1906. Na wakati mwingine majina mawili ni kitu kimoja: ile ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby si nyingine ila 7x57 ya Mauser iliyovikwa kanzu ya Kiingereza.

Hesabu ya kaliba 12 ni ya kale zaidi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, ndiyo gramu 454 hivi, uigawe iwe tufe 12 zilizo sawa. Tufe moja itaenea barabara katika tundu la bunduki hiyo, karibu milimita 18.5. Ndiyo sababu kaliba 20 ni nyembamba kuliko 12, jambo ambalo limewakosesha wanafunzi wengi: ukiigawa ratili mara 20, kila tufe huwa ndogo zaidi.

Mskoti na bunduki yake nyembamba

Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, Mskoti mmoja aitwaye W. D. M. Bell, aliyezaliwa mwaka 1880, aliwinda tembo huko Karamoja katika Uganda, kisha katika nchi ya Lado. Lado ni ile nchi iliyo magharibi ya Nile ambayo Mfalme Leopold II aliipata kwa mkataba wa mwaka 1894. Baada ya kifo chake ilikwenda kwa serikali ya Sudani mwaka 1910, isipokuwa ukanda wa Mahagi uliobaki upande wa Kongo.

Wawindaji wenzake wa wakati ule walibeba bunduki nene za mitutu miwili. Nyingine zilikuwa na uzito wa kilo 6, na mshindo wake uliweza kumwangusha mpigaji. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa ile 7x57, ambayo risasi yake ina uzito wa gramu 11.2 tu.

Tukisikia hayo tu, twaweza kusema: basi bunduki nyembamba yatosha kwa kila mnyama! Wengi walisema hivyo. Lakini wasifu wa Bell una upande wa pili. Mtu huyu alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi, ukitazamwa toka mbele, toka ubavuni, hata toka nyuma. Hakuacha kujizoeza kulenga. Alikaribia sana kabla ya kupiga, na alitumia risasi ngumu tu, zile zisizobadilika umbo zikigonga mfupa. Walioiga bunduki yake bila kuiga kazi yake waliacha porini tembo wenye majeraha, na baadhi yao walilipa kwa maisha. Wala hatumtaji ili mtu aende kumwiga leo. Nchi nzima zilizojaa tembo wakati wake zimebaki tupu, na mataifa yaliafikiana mwaka 1989 kukataza biashara ya meno ya tembo baina yao. Twamtaja kwa sababu bunduki yake yatufundisha hesabu moja ambayo maneno ya barazani huisahau.

Uzito juu ya upana

Kinachoifanya risasi ipenye ndani ya mwili si upana wake peke yake, wala si mbio zake peke yake. Ni uzito uliokusanyika nyuma ya uso mdogo, kama vile mkuki hupenya kuliko rungu. Wanafunzi wanaweza kufanya hesabu hiyo wenyewe: gawanya uzito wa risasi kwa eneo la duara lake. Risasi ya Bell hupata gramu 0.27 kwa kila milimita ya mraba. Sasa tuchukue 10.75x68, bunduki ya Kijerumani iliyokuwa mikononi mwa wengi zamani. Risasi yake ilikuwa na gramu 22.5, maradufu ya ile ya Bell, lakini kwa upana wake ilipata gramu 0.25 tu. Na kweli, wawindaji wa tembo waliilalamikia kwamba haifiki ndani. Unene wake ulikuwa fahari ya macho.

Tuje sasa kwenye .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa London mwaka 1912. Risasi yake nzito ina gramu 19.4. Gawanya, nawe utapata tena 0.27, sawa na ile ya Bell, isipokuwa hapa tundu linalofanywa ni pana zaidi na nguvu ni nyingi zaidi. Ikitoka kwa mbio za mita 770 kwa sekunde, nguvu yake ni juli 5,700 na kitu. Ile .30-06 ya Marekani, yenye risasi ya gramu 11.7 na mbio za mita 820, haifiki juli 4,000. Tofauti hiyo ndiyo ambayo mbogo aijua. Kwa hiyo nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeweka .375, au kaliba iliyo karibu nayo, kuwa mpaka wa chini kwa wanyama wa hatari. Bega la mpigaji nalo lailipa tofauti hiyo, kwani kila nguvu iendayo mbele huisukuma bunduki nyuma. Lakini mtu mzima mwenye afya huweza kuizoea .375 asifumbe macho, na hilo halisemwi juu ya bunduki zote zilizo nene kuliko hiyo.

Ndugu yake wa karibu ni 9.3x62. Ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi wa Afrika waliotaka bunduki moja ya bei nafuu itakayoua karibu kila kitu. Risasi yake ya gramu 18.5 hupata ile ile 0.27. Hadi leo ganda hilo latengenezwa. Mtu aliyeirithi, na ambaye sheria ya nchi yake yaikubali, hana haja ya kuiuza ili anunue jina kubwa zaidi.

Risasi laini, risasi ngumu

Hapa yafaa tukawie kidogo, maana wengi hununua bunduki ya pili kwa sababu tu hawakuchagua vema risasi za ile ya kwanza. Risasi yenye pua laini ikiingia mwilini hupanuka kama uyoga. Huua upesi swala, kongoni au pofu, lakini ikigonga mfupa mnene yaweza kuvunjika kabla ya kufika moyoni. Risasi ngumu, iliyovikwa chuma au shaba mwili mzima, hupita moja kwa moja. Kwa fuvu la tembo ilikuwa ndiyo pekee. Kwa mbogo aliye katikati ya kundi ni hatari ya namna nyingine: yaweza kumpita huyu na kumjeruhi wa nyuma ambaye hukumwona. Jambo la kushangaza ni kwamba risasi ngumu ya .375 huharibu nyama ya mindi mdogo kuliko risasi laini ya bunduki nyembamba yenye mbio nyingi, kwa sababu hupita bila kupasuka. Basi mwenye .375 na namna mbili za risasi mfukoni ana kama bunduki mbili.

Kaliba 12 na mpaka wake

Katika vijiji vingi vya Kongo bunduki inayojulikana ni kaliba 12, nasi hatuidharau. Msituni, ambapo jicho halioni hatua 30, ndiyo bunduki ifaayo kwa kanga, kwale, na mindi wadogo, wale ambao Waluba huwaita kabuluku. Kwa marisau madogo hupiga ndege arukaye, kazi ambayo .375 haiwezi kamwe. Kwa marisau makubwa yaitwayo shevrotine huua mnyama wa kadiri ya mbuzi, mradi awe karibu.

Ubaya waanza pale mtu anapomwelekezea mbogo bunduki hiyo. Tufanye tena hesabu yetu. Katika ganda lenye shevrotine 9, kila punje ina gramu 3.5 na upana wa milimita 8.4. Gawanya: gramu 0.06 kwa milimita ya mraba. Dume la mbogo wa mbugani laweza kufikia kilo 700. Mbogo mwekundu wa msituni ni mdogo kuliko huyo, lakini si mpole zaidi. Punje hizo tisa huingia katika ngozi na nyama ya bega, humchoma, humkasirisha, wala hazimwui. Hata ile risasi moja nzito ya kaliba 12, ya namna iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Brenneke mwaka 1898, ambayo humwangusha nguruwe mwitu vizuri kwa karibu, haifiki nusu ya hesabu ya .375. Mtu asiye na bunduki nyingine ila kaliba 12, mbogo si nyama yake. Akiona nyayo zake, ageuze njia. Na mbogo akiharibu mashamba, habari zipelekwe kwa wakuu wa wanyamapori.

Jibu letu

Kwa maoni yetu bunduki mbili zatosha: kaliba 12 na .375. Hizo zafika kwa karibu kila mnyama ambaye kibali chaweza kumtaja. Ya tatu yaruhusiwa kwa yule aishiye penye nyanda za wazi, kama zile za juu Katanga, ambapo swala husimama hatua 150 au 200 kutoka kwa mpigaji. Huyo 7x57 au .30-06 itamsaidia, maana ni nyepesi na risasi zake ni nafuu. Zile nene kabisa, kama .416 Rigby ya mwaka 1911 au .458 Winchester ya mwaka 1956, ni za watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuingia kichakani kumfuata mnyama aliyejeruhiwa. Na ile ndogo ya .22? Ni rahisi, haipigi kelele, na huua kanga. Lakini risasi yake ya gramu 2.6 huweza kuruka zaidi ya kilometa moja na nusu ikakuta watu shambani, na tena humtia mwenyewe kishawishi cha kumpiga mnyama mkubwa kuliko uwezo wake. Sisi twaiacha.

Kabla ya kununua yo yote, uliza kwanza dukani ni risasi zipi zapatikana mwaka hadi mwaka. Bunduki nzuri za zamani, kama .318 Westley Richards, zimebaki yatima kwa kukosa risasi. Halafu uliza sheria: hapa Kongo uwindaji watawaliwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Kenya ilikataza uwindaji wa wanyama mwaka 1977. Okapi hana kaliba inayomfaa, wala wanyama wote wa mbuga zilizolindwa, kama Virunga, Garamba na Upemba.

Na aliye na kaliba 12 yake nyumbani anaweza kuijaribu bila gharama kubwa. Atafute kichuguu kikubwa kisicho na njia wala shamba nyuma yake, abandike karatasi yenye ukubwa wa kifua cha mindi, apige shevrotine kutoka hatua 20, kisha karatasi mpya kutoka hatua 30, kisha 40, akihesabu kila mara ni punje ngapi kati ya zile 9 zimeigusa. Pale hesabu inaposhuka chini ya nne, apande kijiti ardhini na kukitazama vizuri kutoka kwenye kichuguu, ili umbali huo umkae machoni atakapokuwa porini.