Zombi wanaouawa kwa klavie, na shida ya herufi A huko Baraka

Ukiingia katika sekretaria ya Baraka wakati wanafunzi wanamalizia TFC, utaona haraka ni kitu gani. Mwanafunzi amesimama nyuma ya kiti na karatasi zake za mkono, jenereta inakula mafuta, na anayepiga mashine analipwa kwa kila ukurasa. Mwenye vidole vyepesi anamaliza na kuita mwingine. Anayetafuta herufi moja moja kwa vidole viwili bado yuko kwenye utangulizi.

Haraka ya namna hiyo ndiyo kampuni ya Sega ya Japani iligeuza kuwa mchezo wa video, The Typing of the Dead. Mwaka 1998 Sega ilikuwa imetoa The House of the Dead 2, ambamo mchezaji anashika bunduki ya plastiki na kupiga zombi, wale wafu wanaotembea, katika mji wa Venice, Italia. Mwaka 1999 ikachukua mchezo ule ule, ikaondoa bunduki na kuweka klavie. Kila zombi anakuja na neno lake. Ukiliandika lote bila kosa, anaanguka, ukichelewa, anakupiga. Hata mashujaa wanakimbia na mashine ya Sega mgongoni na klavie kifuani, jambo linalochekesha kuliko kutisha. Mzazi wa Fizi aliyechoka kuona watoto wakicheza bunduki za miti angeuona mchezo huu kwa jicho lingine.

Mwanzo ulikuwa wa mashine kubwa za kumbi za michezo Japani. Mwaka 2000 ukaingia kwenye Dreamcast, mashine ya nyumbani ya Sega, na kwenye kompyuta. Marekani waliupata kwenye Dreamcast Januari 2001, mwezi ule ule Sega ilipotangaza kwamba inaacha kutengeneza Dreamcast. Mchezo haukufa pamoja na mashine yake: Japani ilitoa toleo la PlayStation 2 mwaka 2004, halafu mwaka 2008 toleo la Nintendo DS la kujifunza Kiingereza, ambalo mtu anaandika kwa kalamu juu ya kioo. Mwaka 2013 likaja la kompyuta, The Typing of the Dead: Overkill.

Sasa, kijana wa Baraka angeucheza kwa klavie gani? Hapo ndipo pagumu. Shule na ofisi zetu zinafuata Kifaransa, kwa hiyo klavie yetu ni AZERTY. Lakini kompyuta zinazovuka ziwa kutoka Kigoma, au zinazotoka Dubai, mara nyingi ni QWERTY. Katika klavie hizo mbili A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M imehama mstari. Mfaransa anasumbuka kidogo. Mswahili anaumia zaidi, kwa sababu lugha yetu imejaa A, na W na Z ziko kila mahali. Mwenye mazoea ya AZERTY akiandika « wazazi » kwenye QWERTY bila kutazama, kioo kinamwonyesha « zqwqwi ». Kwenye mchezo, huyo ameliwa. Kwenye sekretaria, anafuta na kuanza tena huku mwenye TFC akihesabu dakika za mafuta.

Toleo la 2013 liliacha mlango mmoja wazi: wachezaji waliweza kutunga orodha zao za maneno. Sega yenyewe iliuza orodha ya maneno ya Shakespeare, na nyingine ya matusi matupu. Kwa Kiswahili, orodha ya kufaa ingekuwa rahisi kutunga: maneno yale yale yanayorudi katika barua za kuomba kazi, vyeti na TFC. Maneno ya Kibembe yangeweza kuingia pia. Mtunzi aanze na « wazazi », « mwaka », « mzaliwa wa », na kila mchezaji ajue kwanza vidole vyake viko juu ya klavie ipi.