Ushuru wa Nguo: Nani Analipa, na Kazi za Viwandani Zinarudi?

Kila mwaka Juni ikikaribia, bajeti zikiwa mezani, hoja hii hurudi: tupandishe ushuru wa nguo za nje, viwanda vyetu vifufuke, vijana wapate kazi. Ni hoja yenye nia njema. Lakini wewe mwenye elfu hamsini mkononi na watoto wawili wanaofungua shule una maswali mawili ya kujibiwa kabla hujatoa hela. Ushuru huo umekaa wapi ndani ya bei ya shati? Na ukishaulipa, umenunua nini?

Nikujibu mapema, maana najua una haraka. Ushuru unaweza kukikinga kiwanda kilicho hai. Kiwanda kilichokwisha kufa haukifufui peke yake, na gharama ya kujaribu unailipa wewe dukani. Kwa hiyo nunua nguo kwa uimara wake, na ile ya hapa uichukue pale inaposhinda kwa ubora. Nitakuonyesha ni wapi inashinda.

Tuanze na shati jipya kutoka nje. Tuseme limefika bandari ya Dar es Salaam kwa shilingi 10,000, usafiri na bima vikiwa ndani. Mwaka 2022 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliongeza daraja la nne kwenye ushuru wao wa pamoja, asilimia 35, na nguo zimo humo. Shati sasa ni 13,500. Kisha inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo haikatwi kwenye ile 10,000 ya mwanzo. Inakatwa kwenye 13,500, yaani unalipa kodi juu ya ushuru. Ongeza 2,430 upate 15,930. Mkenya, ambaye VAT yake ni asilimia 16, kwa mzigo uleule angefika 15,660.

Bila ushuru, shati hilohilo lingetoka bandarini kwa 11,800. Tofauti ni 4,130, na haiishii hapo. Wakala wa forodha na mwenye lori wanaongeza malipo yao, kisha muuza jumla na muuza duka kila mmoja anapiga faida yake juu ya gharama aliyonunulia. Ushuru unazidi kunenepa njiani, na ukifika Kariakoo hauonekani tena kwenye risiti. Hakuna mstari ulioandikwa "ushuru". Kuna bei tu.

Mitumba ina hesabu yake. Kiwango cha pamoja ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kilo, inayozidi ndiyo inayotozwa. Belo la kilo 45 kwa hiyo halipungui dola 18 za ushuru. Ukichukua shati la gramu 250, belo lina mashati 180, kila moja limebeba angalau senti 10 za dola, kitu cha shilingi 250 dola ikiwa karibu 2,500. Ni kidogo. Gharama iliyojificha iko kwingine: belo hulipiwa kwa uzito, na shati lililochanika kwapani lina uzito sawa na zima. Muuzaji akifungua belo akakuta theluthi ni ya kutupa, hasara ile anaihamishia kwenye yale mazuri. Ndiyo maana shati la daraja la kwanza asubuhi belo likifunguliwa lina bei moja, na yale ya kuchambua chini jioni yana bei nyingine kabisa.

Sasa tuone walioupandisha ushuru kwelikweli.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka huo Rwanda ikapandisha ushuru wake kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Rudi kwenye belo letu: dola 112.50, zaidi ya senti 60 kwa kila shati. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza msimamo ili zisipoteze soko la Marekani chini ya AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa huko bila ushuru. Rwanda ikakaza. Julai 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru.

Wanyarwanda huiita mitumba caguwa, na caguwa ikawa ghali. Viwanda vya kushona vya Kigali vilipata nafasi ya kupumua, na hilo ni jambo la kweli. Lakini mnunuzi wa kipato cha chini, caguwa ilipomshinda bei, mara nyingi hakwenda kwenye nguo ya Kigali. Alikwenda kwenye nguo mpya ya bei poa kutoka China, au kwenye mzigo wa magendo uliovushwa mpakani kutoka Kongo. Waliokuwa wakiuza, wakirekebisha na kubeba mabelo walianza kupoteza riziki zao mara ushuru ulipopanda. Ajira za viwandani, zilizokuja, zilikuja polepole.

Marekani wenyewe wana mfano ulio wazi kuliko wote, na unahusu mashine za kufulia. Januari 2018 serikali yao iliweka ushuru kwenye mashine hizo: asilimia 20 kwa milioni 1.2 za kwanza katika mwaka, na asilimia 50 kwa zitakazozidi. Wachumi watatu, Flaaen, Hortaçsu na Tintelnot, wakafuatilia bei. Mashine ya kufulia ilipanda kwa karibu dola 86. Mashine ya kukaushia, ambayo haikuwekewa ushuru wowote, nayo ikapanda kwa dola 92, kwa kuwa huuzwa pamoja na mwenzake na wauzaji waliona nafasi. Hata zilizotengenezwa humohumo Marekani zilipanda. Ajira mpya zilipatikana, kama 1,800. Gharama kwa wanunuzi, ukiondoa kilichoingia hazina, ilikuwa karibu dola 815,000 kwa kila ajira moja kwa mwaka. Mfanyakazi wa kiwanda hapati hata sehemu ya kumi ya fedha hizo.

Tia hilo akilini, maana ndilo litakalokukuta sokoni. Nguo ya nje ikipanda, ya ndani haibaki pale ilipokuwa. Mwenye kiwanda wa hapa naye ataangalia bei ya mwenzake na kusogea.

Mtu atasema: lakini mitumba ndiyo iliyoua viwanda. Kwa kiasi fulani, ndiyo. Utafiti wa Garth Frazer uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kuwa nguo kuukuu zilisababisha karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000, na karibu nusu ya ajira zilizopotea. Hiyo si hesabu ya kudharau. Waliofanya kazi Mwatex Mwanza, Mutex Musoma, Kiltex Arusha au Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, wanajua walichopoteza: king'ora cha zamu na mshahara wa uhakika mwisho wa mwezi.

Lakini sehemu kubwa ya sababu zilizobaki haiguswi na ushuru. Mashine zilichakaa bila vipuri. Umeme ulikatika nyuzi zikiwa katikati ya mtambo. Madeni yalirundikana, biashara ikafunguliwa ghafla, na mwisho wa 2004 mgao wa kimataifa wa soko la nguo ulipoondolewa, nguo za Asia zikafurika kila mahali. Pamba ya Simiyu na Shinyanga mpaka leo sehemu yake kubwa husafirishwa ikiwa pamba nyuzi, kisha inaturudia imekuwa kitambaa cha mtu mwingine.

Kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret nchini Kenya, kinalionyesha hilo vizuri. Kiwanda kilifilisika, Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua 2007, mkopo wa India ukaleta mitambo mipya, na mwaka 2019 kikazinduliwa upya. Mitambo ikaja, pamba ikawa haba. Hakuna kiwango cha ushuru kinachomfanya mkulima arudi kwenye pamba ikiwa bei ya shambani haimlipi.

Kuna mgongano mwingine wa kutazama: fundi wa mtaani. Ukipandisha ushuru wa kitambaa ili kumlinda mfumaji, umemwongezea gharama mshonaji anayekinunua. Zote mbili ni kazi za hapa nyumbani. Anayekuahidi ushuru mpya akwambie ni kazi ipi anailinda na ni ipi anaitoza.

Basi, ununue nini?

Sare za shule: za hapa, bila kusita. Hapa ndipo fundi anapoishinda nguo ya kutoka nje kwa uimara. Tuseme kaptula ya dukani, ya nje, ni 9,000 na ya fundi ni 12,000 kitambaa kikiwemo. Geuza zote mbili nje ndani. Ya dukani mara nyingi ina pindo la sentimita moja, nyuzi zinaning'inia kwenye zipu, na mshono wa katikati umepigwa mara moja. Mwambie fundi aache pindo la sentimita tano, apige mshono wa katikati mara mbili na kumalizia kwa ovaloki. Mtoto akirefuka, unashusha pindo. Ya 9,000 ikiisha kwa muhula mmoja na ya 12,000 ikivuka mwaka, umejua ipi ni rahisi. Na ile sehemu ya ufundi inaingia mfukoni mwa mtu anayefanya kazi mtaani kwako, leo, bila kusubiri kiwanda kifufuke.

Gharama za fundi za kuangalia: uliza kama uzi, vifungo na zipu vimo kwenye bei. Uliza kitambaa ni mita ngapi, ukapime mwenyewe dukani. Kitambaa kikiwa cha pamba tupu kiloweke kwanza, kisije kuruka baada ya kushonwa.

Suruali za jinzi, makoti na masweta: mitumba. Sisemi hivyo kwa furaha, lakini kwa pesa yako hakuna kinacholingana. Sweta lililokwisha kufuliwa mara nyingi bila kupoteza umbo limekwishafanyiwa majaribio na mtu mwingine. Linyooshe kwenye mwanga utafute matundu, angalia kwapa na viwiko, fungua na kufunga zipu mara tatu. Ongeza bei ya kupunguza kiuno na nauli kabla hujasema ni rahisi. Mitumba hairudishwi, na saizi iliyoandikwa si ya kuaminika.

Khanga na vitenge: chukua vya pamba, na vilivyotengenezwa Afrika Mashariki vipo. Dondoshea tone la maji. Pamba kwa kawaida hunywa upesi. Likibaki juu likiteleza, huenda umeshika plastiki, na kwenye joto la pwani utaijutia.

Cha kukwepa ni nguo mpya ya nje ya bei ya chini kabisa: fulana nyembamba, suruali inayong'aa. Hiyo nayo imebeba ushuru wa asilimia 35 na VAT juu yake, kwa hiyo katika bei uliyolipa, sehemu si nguo bali kodi. Inavutia kwa kuwa ni mpya, haina harufu ya belo, na saizi zote zipo. Ikioshwa mara chache kola inapinda. Kama pesa haitoshi kwa mpya iliyo imara, mtumba mzuri ni bora kuliko mpya dhaifu.

Viatu vya shule: vya ngozi vya hapa ni ghali mwanzoni, lakini fundi viatu anaweza kuvitia soli mpya. Vya plastiki vya nje vikipasuka, vimepasuka. Kama pesa yako yote inatosha jozi moja ya plastiki tu, shonesha kingo za soli siku unayonunua, kabla havijaanza kuachia.

Kuhusu muda: viwango vipya vya forodha huanza 1 Julai. Mzigo ulioingia kabla ya hapo ulilipiwa kiwango cha zamani, hata muuzaji akikwambia "bajeti imepanda". Tembelea maduka matatu wiki hizo, maana si wote wanaopandisha siku moja. Na sare usingoje Januari. Mpeleke mtoto kwa fundi apimwe Novemba, toa nusu ya malipo, andikiana naye tarehe ya kuchukua, na kitambaa kilichobaki ukidai, kitakufaa kwa viraka.