Lubumbashi: Safari ya wikendi na mwenye kiti cha magurudumu, ulizeni kwanza choo

Kutoka Lubumbashi hadi Kipushi, mji ulio mpakani na Zambia, ni kilomita 30 hivi. Kwa familia inayomchukua mama mzee anayetumia kiti cha magurudumu, umbali huo ndio kazi nyepesi.

Kazi iko kwenye gari. Katika basi dogo lililojaa, kiti chake ni mzigo, na yeye hubebwa kama mzigo pia. Kukodi teksi siku nzima ni gharama, lakini atakaa mbele, kiti kikunjwe nyuma. Bei ikubaliwe asubuhi, pamoja na saa za kungoja.

Kisha simu. Kumuuliza mwenye mkahawa kama wageni wote wanakaribishwa hakusaidii, atajibu ndiyo. Aulizwe mlangoni kuna ngazi ngapi, na mlango wa choo una upana gani. Atume picha kwa WhatsApp. Kiti kipimwe nyumbani.

Mwezi wa Juni ardhi ni kavu. Mvua za Januari hugeuza udongo mwekundu kuwa tope linalonasa magurudumu. Maporomoko ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300 katika hifadhi ya Kundelungu, si ya safari ya siku moja.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu nchini Kongo, ila haipanui mlango wa choo siku ya Jumamosi.

Na mama mzee mwenyewe aulizwe anataka kwenda wapi. Huenda hataki Kipushi. Anataka kumwona dada yake Likasi, kilomita 120.