Shahamu Ndani ya Mnofu: Amri Hutoka Wapi?

Kila askari aliyewahi kupanga foleni mbele ya jiko la kambi anaijua tofauti ya nyama na nyama. Siku moja hupewa mnofu mkavu, akautafuna hata taya zikachoka. Siku ya pili, kwa bahati yake, mpishi humwekea kipande cha nundu, nacho humlainikia mdomoni. Mpishi hastahili lawama wala sifa. Tofauti imo katika shahamu, wala si ile inayoufunika mnofu kwa nje, bali ile iliyojipenyeza baina ya nyuzi za msuli wenyewe. Wengi hudhani kuwa nundu ni mfuko wa mafuta matupu. Sivyo. Nundu ni msuli uliopenywa na mafuta. Ikatwe kwa kisu kikali, na mistari myeupe itaonekana ikipita katika wekundu.

Tumeazimia kueleza jinsi mwili wa mnyama unavyoamua mafuta yakae wapi, maana wako wengi miongoni mwenu ambao, wakishapokea kiinua mgongo, hununua ng'ombe, wakiamini kuwa kulisha kwa wingi kunatosha.

Mafuta hufuata zamu. Hutangulia kujaa kuzunguka figo na matumbo, kisha baina ya msuli na msuli, kisha chini ya ngozi, na ndani ya msuli huchelewa kuliko kote. Kwa hiyo ng'ombe aweza kuonekana mnene, mchinjaji akamtoa shahamu tele ya figo, na sarara yake ikawa kavu vile vile.

Na tuingie ndani zaidi. Ndama angali tumboni, mwili wake una chembe changa ambazo hazijapangiwa kazi, mfano wa makuruta siku ya kwanza. Baadhi huwa msuli. Nyingine huingia kundi ambalo baadaye hutoa mafuta au nyuzi ngumu za kuunganishia. Mwenye kutoa amri ya mafuta ni protini iitwayo PPAR-gama. Mwaka 1994 Bruce Spiegelman na wenzake huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba chembe isiyo ya mafuta, ikitiwa protini hiyo na kuamshwa, hugeuka kuwa chembe ya mafuta. Kazi yake ni kujishikiza kwenye jeni na kuziamsha zile za kukusanya na kuhifadhi mafuta. Zipo pia ishara zinazoipinga, na zikishinda, chembe hubaki changa au hufuata njia ya msuli.

Amri hiyo ina wakati wake. Idadi ya nyuzi za msuli hukamilika kabla ndama hajazaliwa. Chembe za mafuta ndani ya msuli huongezeka zaidi tangu nusu ya pili ya mimba hadi yapata siku 250 baada ya kuzaliwa. Muda huo ukipita, chakula kingi kazi yake kubwa ni kuyajaza mapipa yaliyokwisha tengenezwa.

Waliolisoma jambo hili kwa subira ni Wajapani. Ng'ombe wao weusi hulishwa nafaka hadi umri wa karibu miezi 30, na sarara yao yaweza kuwa na mafuta kupita asilimia 30. Huipima kwa daraja 1 hadi 12. Mafuta hayo ni laini, kwa kuwa kimeng'enya kimoja hugeuza asidi ya mafuta inayoyeyuka kwenye nyuzi 69 za joto kuwa nyingine inayoyeyuka kwenye nyuzi 13 tu. Wafugaji wao wamegundua pia kwamba vitamini A huzuia chembe changa zisigeuke mafuta, basi huwapunguzia maksai vitamini hiyo katikati ya unenepeshaji. Akipita kiasi, maksai hupofuka. Sisi hatuoni fahari katika kitoweo cha namna hiyo. Ng'ombe wetu wa malishoni hula majani mabichi yenye asili ya vitamini hiyo kwa wingi, nayo ni mojawapo ya sababu za mnofu wao kuwa mwekundu mtupu.

Ubelgiji walielekea upande wa pili. Ng'ombe wao wa buluu wana misuli iliyotutumka na mafuta haba mno. Mwaka 1997 sababu ilijulikana: jeni ya protini inayoitwa mayostatini, ambayo kazi yake ni kuuambia msuli usimame, imepungukiwa herufi 11. Amri ya kusimama haitoki, na msuli hukua bila breki. Lakini ndama huwa mkubwa hata mama hawezi kumzaa. Wengi wao hutolewa kwa kupasuliwa. Ajiulize mwenyewe anayetamani mbegu hiyo: usiku wa kuzaa, daktari wa mifugo yuko umbali gani na boma lake?

Mstaafu asiye na fedha za nafaka wala za daktari bado ana jambo aliwezalo. Ng'ombe huchukua mimba siku 280 na kitu. Atazame kalenda kabla ya kupeleka mtamba kwa fahali, ili nusu ya pili ya siku hizo isiangukie kiangazi. Na ikiangukia, nyasi kavu alizohifadhi zianze kwa mwenye mimba, kabla ya yule maksai anayempendeza macho.