Kabla ya Kununua Kamera ya Kisovieti

Kamera za filamu zilizotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti zina kasoro moja sokoni ambayo mnunuzi hana budi kuifahamu: baadhi yake huuzwa kama kamera za Kijerumani, kwa bei ya Kijerumani.

Mwaka 1934, jumuiya ya vijana wasio na makao huko Kharkiv, aliyoiongoza Anton Makarenko, ilianza kutoa kamera iliyoiga Leica II. Iliitwa FED, yaani herufi za mwanzo za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Baada ya vita, kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kikatoa Zorki kwa mfano uleule. Kwa kuwa maumbo yanafanana, walaghai hufuta maandishi ya Kirusi, wakachora jina la Leica, tai wa Wanazi au neno Luftwaffe, na wengine hupaka mwili rangi ya dhahabu. Kwa maoni yetu, mapambo yakizidi, shaka nayo izidi.

Mwombe muuzaji afungue lenzi mbele yako. Ndani, upande wa juu wa tundu, utaona mkono mdogo unaogusa nyuma ya lenzi ili kupima umbali. Katika Leica halisi ncha ya mkono huo ni kigurudumu. Katika FED na Zorki ni kipande bapa mfano wa ulimi. Nembo huchorwa upya kwa urahisi, lakini walaghai wengi hawajisumbui kubadili sehemu hii. Muuzaji akikataa kufungua, usilipe.

Zorki inayouzwa kwa jina lake ni chombo kizuri, wala hatumkatazi mtu kuipenda. Ila kagua pazia lake la kitambaa mbele ya mwanga, kwani kitundu kidogo huharibu picha. Katika Zorki-4, kasi hubadilishwa baada tu ya kukaza kamera. Kinyume chake huweza kuharibu mitambo.

Stakabadhi itaje jina la kamera, namba yake na neno “halisi” iwapo ndivyo ulivyoambiwa. Hifadhi pia nakala ya tangazo kabla ya kulipa, kwa maana tangazo huweza kuondolewa, na mlalamikaji asiye na maandishi hubaki na neno lake dhidi ya neno la muuzaji.